Majina Kumi na Manne kwa Komanda

Kamina, tarehe 7 Septemba 1998

Yaya Noémie,

Kabla hujauliza, dada yangu: ndiyo, anakula. Mwanao Béni anakula mpaka sufuria inamwogopa. Ile suruali uliyomtumia Pasaka imekwisha kuwa kaptula, na sauti yake imekuwa nzito kiasi kwamba mwalimu wa kwaya amemhamisha safu mara mbili.

Shule imefunguliwa. Vita vimeanza tena, lakini Prefe, mkuu wetu wa shule, alisema kengele itapigwa, na ikapigwa. Chaki hakuna. Tunaandika ubaoni kwa mihogo mikavu, na wanafunzi wa mbele wanakula masomo kabla hayajaandikwa. Bado nina darasa langu la Kilatini, vijana kumi na mmoja wenye vichwa vigumu, na nisingewabadilisha na wengine.

Wiki hii nimewapa hadithi ya yule mnyama wa kisiwa cha Krete, nusu mtu nusu ng'ombe dume, aliyefungiwa katika nyumba yenye vichochoro visivyo na mwisho. Mji ulioshindwa vitani ulimpelekea vijana saba na wasichana saba awale. Niliwaambia hadithi hiyo imezaa sana: kila wakisoma kitabu cha Kifaransa chenye nyumba ya giza, kitu kinachongoja ndani na mtu anayeingia kukitafuta, wajue ni mjukuu wa ile ya Krete. Waandishi wote wanapika katika chungu kile kile cha zamani. Béni akainua mkono. Unajua shuleni ananiita Maître, nyumbani ndiyo Mujomba. Akasema: "Maître, na bazazi? Bazazi balisemaka nini?" Nikajibu kwamba vitabu havisemi lolote juu ya wazazi. Akasema: "Basi mwenye kuandika ile hakukuwa na mutoto." Nikampa sifuri kwa kelele na kumi kwa swali.

Prefe ameniomba nibaki baada ya masomo nimwandikie karatasi fulani, maana mwandiko wangu unajulikana mji mzima. Ni kazi ndogo tu.

Ukipata mtu wa kuaminika, tutumie samaki. Si wale wadogo wenye miba; wale walipita kwenye koo la Béni kama adhabu.

Mdogo wako,
Éphraïm Kapenda


Kinkondja, tarehe 18 Septemba 1998

Éphraïm,

Nimepokea barua yako ya ng'ombe. Sasa nami nikuandikie ya watu.

Shekina, mke wa sajini mmoja wa Base, ile kambi ya jeshi ya huko kwenu, huja huku ziwani kununua samaki wa kukausha. Jumanne alikaa kwenye kizingiti changu akaniambia kuna kikosi kimepita Kamina, si cha Base, wageni tu, wamelala katika depo, lile ghala la zamani la pamba karibu na kituo cha treni. Komanda wao amezunguka shuleni akitaka majina ya wavulana wa kupeleka vitani. Shekina alitaja na hesabu ya shule yenu: kumi na wanne. Lisemwalo lipo. Na wewe unaniandikia "karatasi fulani"! Saba na saba ni kumi na nne, Éphraïm. Niliishia darasa la sita lakini kujumlisha najua.

Karatasi hiyo ni ipi?

Umesahau hadithi ya baba, ile ya mfalme mwekundu? Alimwita kijana hodari aje kucheza ngoma mbele yake. Wakatandika mkeka mzuri, na chini ya mkeka kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mikuki. Kijana aliponea kwa sababu mpiga ngoma alimwonya kwa ngoma yake. Na yule mfalme alikuwa nani kwake? Hakuwa mgeni. Alikuwa mjomba wake. Wazungu wako walihitaji pembe na mkia ili wapate mnyama wa kutisha. Sisi kwetu mjomba alitosha.

Mashujaa wako nao siwaelewi. Tangu ulipokuwa seminari unatusomea habari zao, na kila mmoja anakufa, halafu mnamsifu. Nionyeshe shujaa mmoja aliyerudi nyumbani akala chakula cha mama yake, ndipo nitakaa nikusikilize.

Mpandishe Béni treni ya Bukama. Nitampokea mwenyewe na mtumbwi.

Dada yako,
Noémie


Kamina, tarehe 29 Septemba 1998

Yaya,

Treni haiwezekani. Kituoni askari hao wanawashusha vijana wote, wenye ndevu na wasio nazo. Wiki iliyopita walimshusha mwana wa fundi viatu akiwa amebeba kuku wa harusi ya dada yake. Kuku alifika Bukama, yeye hakufika.

Kuhusu karatasi: ndiyo. Ni ile unayoifikiri. Sikutaka ulale vibaya, nikakudanganya, na nisamehe kwa hilo. Prefe aliiweka mbele yangu pamoja na kalamu yake mwenyewe, akasema: "Kapenda, minyi niko na batoto sita. Andika weye." Kisha akageukia dirisha akatazama uwanja, ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Ilitakiwa jina la ubatizo, jina la ukoo na kijiji. Wavulana kumi na wanne wenye afya.

Nimeandika majina kumi na manne, kwa mwandiko wangu bora. La Béni halimo. Zaidi ya hapo usiniulize. Barua siku hizi zinasomwa na wengi, na kama hii imefunguliwa kabla ya kukufikia, basi msalimie aliyeifungua, umwambie ajifunze kufunga bahasha vizuri.

Niamini, Yaya. Ni hilo tu ninalokuomba.

Mdogo wako,
Éphraïm


Kinkondja, tarehe 9 Oktoba 1998

Éphraïm Kapenda,

Sikuamini.

Nilisoma barua yako nikiwa nimeketi kula. Nikasukuma bukari kando, ugali wa moto kabisa. "La Béni halimo." Umeniandikia hivyo kana kwamba ni zawadi! Haya, niambie yaliyomo ni ya nani. La mtoto wa Élisa, aliyemnyonyesha Béni miezi miwili nilipokuwa hospitali sijitambui? La mwana wa Pasta Zébédée? Watoto waliokaa kwenye benchi moja na wangu, wakasomea kitabu kimoja? Nitapitaje mbele ya mama zao siku nikija Kamina? Niwaambie nini? Kwamba mdogo wangu ana mwandiko mzuri?

Mama alitulea kanisani. Alifua nguo za watu mpaka vidole vikapasuka ili wewe usome hicho Kilatini. Kama Kilatini kimekufundisha kuchagua mtoto wa kutoa, ningependa ungebaki kuvua samaki na mimi.

Sikiliza sasa, maana sitarudia. Kama ni lazima jina liandikwe, futa la mtoto wa mwenzangu uandike la Béni. Kisha mimi nitakuja kulichukua mbele ya macho yao, na tuone nani atanizuia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ndiyo maana siwezi kuuchukua wangu nikaupeleka mlangoni kwa mzazi mwingine.

Samaki situmi. Nilikwisha kuwafunga kwenye kikapu, nikawafungua.

Noémie
(Leo sikuandika "dada yako". Umeona.)


Kamina, tarehe 20 Oktoba 1998

Yaya Noémie,

Barua hii anaileta Pasta Zébédée mkononi, ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo. Kwa hiyo nitasema kila kitu, na ukimaliza unaweza kuirudisha ile "dada yako" mahali pake.

Hii ndiyo orodha. Achille Mukendi. Hector Mwepu. Ulysse Mbuyi. Ajax Banza. Persée Tshiala. Patrocle Ngoie. Jason Ilunga. Thésée Kabamba. Na wengine sita wa aina hiyo hiyo. Unawajua, Yaya. Ndio wale wale mashujaa wa vitabu niliokuwa nawasomea ninyi jikoni mkitwanga mihogo. Wamekufa zamani kabla ya babu wa babu yetu, kama kweli waliwahi kuishi. Niliwaongezea majina ya ukoo ya huku kwetu, na kijiji nikaandika Troie, ule mji wa vita vyao, kwa karibu wote.

Najua unasema: huyo komanda ni mpumbavu kiasi gani? Si mpumbavu. Ni mtu wa nchi hii kama sisi. Hapa, ambapo kila familia ina Zébédée na Éphraïm na Salomé, nani atashangaa kusikia Achille? Hata Prefe aliposoma aliniambia anamjua Ajax mmoja, fundi wa injini.

Jumatano alikuja na askari wanane. Alitupanga wote uani, akasoma mwenyewe. Mimi nilikuwa karibu na mlingoti wa bendera.

"Achille Mukendi!"

Nikasikia sauti nzito ya mwanao: "Alikufaka, mon commandant."

"Alikufa na nini?"

"Mushale ilimupiga ku kisigino."

"Hector Mwepu!"

"Naye alikufaka. Ule Achille njo alimuua."

"Patrocle Ngoie!"

"Hector njo alimuua, mon commandant."

Komanda akatutazama. "Hii ni shule ao makaburi? Ulysse Mbuyi!"

"Ule yeye alienda safari," akasema kijana mwingine. "Muke yake angali anamungojea."

"Na hii kijiji ya Troie iko wapi?"

"Iko mbali sana. Balishaka kuichoma."

Hakuna aliyecheka, Yaya. Vijana kumi na mmoja wa Kilatini, na wengine wote wakafuata mfano wao. Nami sikuwa nimewaambia hata neno moja! Nilikuwa nimewafundisha tu, na walikuwa wamesoma. Hakuna mkaguzi aliyewahi kunipa furaha kama hiyo. Komanda alikunja karatasi, akamwambia Prefe kwamba shule yake ina mkosi, wakaondoka na mikono mitupu.

Uliniambia nikuonyeshe shujaa mmoja aliyerudi kula chakula cha mama yake. Nimetafuta, na kwa kweli ni wachache. Lakini nimepata kumi na wanne waliosimama mahali pa watoto wa watu. Watu wameandika vitabu juu yao miaka elfu na elfu, na sidhani kama waliwahi kufanya kazi bora kuliko hii ya Kamina.

Sasa fungasha tena kile kikapu.

Mdogo wako mwenye kiburi leo,
Éphraïm


Kamina, tarehe 27 Oktoba 1998

Mama mpenzi,

Mimi ni Béni. Mujomba hawezi kuandika kwa sasa, kwa hiyo naandika mimi. Mimi ni mzima. Usiogope kabla hujafika mwisho.

Kuna kosa lilitokea. Katika orodha Mujomba aliweka Hector Mwepu, akijua hakuna Hector shuleni. Lakini yuko. Ni Mwepu Kyungu, yule mrefu aliyeacha shule mwezi wa pili. Unakumbuka ule wakati serikali ilipokataza majina ya ubatizo, na karani wa shule akazoea kuandika majina ya mababu tu? Karani wetu hajaacha mpaka leo. Kwenye rejista yeye ni Mwepu Kyungu, na Mujomba alimfundisha miaka mitatu akimwita hivyo. Nyumbani na kanisani tu ndiko wanamwita Hector. Baba yake marehemu alilipenda jina hilo.

Askari hawakuacha kuuliza. Walifika kambi ya wafanyakazi wa reli na karatasi, wakamkuta jirani anafua. "Hector Mwepu?" Akaonyesha kwa mkono: "Hector wa Agar? Njo ule pale." Wakamchukua akiwa na ndoo ya maji.

Mama yake, Mama Agar, alikuja kwetu Jumamosi asubuhi. Hakupiga kelele. Alisimama tu mlangoni, akasema: "Maître, banasema ni mwandiko yako." Mujomba alikuwa ananyoa ndevu. Aliweka wembe chini na uso una sabuni nusu. Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi," akajifuta, akavaa koti lake la Jumapili, akachukua rejista ya shule kuonyesha kwamba hakuna Hector humo, akaenda depo. Nilimfuata mpaka njia panda, akanirudisha.

Mambo ya ndani ameyasimulia Hector mwenyewe. Mujomba alimwambia komanda: "Hector yenye niliandika ni mwingine. Alikufaka zamani. Huyu mutoto mumuachilie, maneno yote ni yangu." Komanda akamwambia aeleze. Mujomba akaeleza wote kumi na wanne, mmoja mmoja, kila mtu na kifo chake, na askari wakasogea kusikiliza. Komanda naye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampiga kofi, miwani ikavunjika.

Hector alirudi nyumbani jioni ile. Mujomba alibaki. Wamempa mpaka tarehe 14 Novemba aandike orodha ya kweli, kwa mkono ule ule, na rejista iko mbele yake. Asipoandika atapelekwa mbele, vitani, kubeba masanduku ya risasi. Mujomba amesema haandiki. Amesema mkono wake umekosea mara moja na hiyo imetosha.

Nilitaka kwenda kujitoa badala yake. Nilimtuma Hector, akipeleka chakula, amwambie. Jibu lilirudi hivi: "Mwambie Béni akikanyaga hapa nampa sifuri ya maisha."

Mama, njia si salama. Usije.

Mwanao,
Béni


Mlangoni pa depo, Kamina, tarehe 13 Novemba 1998

Kwako Komanda,

Naandika mwenyewe, na mwandiko wangu ni mbaya. Aliye na mwandiko mzuri umemfungia ndani.

Mimi naitwa Noémie. Nimekuja kutoka Kinkondja kwa mtumbwi mpaka Bukama, na kutoka Bukama kwa treni, nimekaa juu ya vikapu vyangu vya samaki. Mwalimu Éphraïm Kapenda ni mdogo wangu, tumbo moja. Umesema kesho ataandika majina ya watoto au atakwenda kubeba risasi. Namjua tangu alipokuwa anatambaa. Hataandika. Kwa hiyo nimekuja tuzungumze, wewe na mimi.

Kwanza nikiri kosa letu. Mdogo wangu alijiona mjanja sana, akamponza mtoto wa mjane. Hilo atanijibu mimi, siyo wewe, na hatapenda nitakavyomuuliza. Nami nilimtukana kwa barua kabla sijajua alichofanya. Hilo nitamwomba msamaha nikimwona. Hayo ni ya nyumbani kwetu.

Lakini la watoto, jibu ni hapana. Hatuna mmoja wa kukupa. Si wangu, si wa mwenzangu, si yule wa jirani nisiyepatana naye.

Amekusimulia hadithi zake, nimesikia. Zile za kale zote zina mnyama, na mji unaomlisha watoto ili alale. Mimi sijakuita mnyama. Mnyama hana mama, na wewe unaye mahali fulani, huenda sasa hivi anamuuliza mpita njia kama amekuona. Ndiyo sababu tumekuja, mimi na mama wenzangu, kukuomba kwanza, tena kwa heshima. Ukikataa hatuna mkuki wala upanga. Tuna masufuria. Tumekaa mbele ya mlango wako tangu alfajiri, na gari lako halitatoka bila kupita juu yetu. Askari wako wawili walikwisha kuja kuomba bukari. Tumewapa. Mmoja ana umri wa Béni wangu, na alipomaliza kula alilala palepale, kichwa kwenye mguu wa Mama Talitha, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Jina lako halijulikani hapa mjini; hukulisema popote. Sisi tunayaandika yetu chini, pamoja na mahali tunapolala, ili usipate taabu ya kuuliza kwa majirani. Uliita uani pa shule na hakuna aliyeitika. Njoo mlangoni uite haya. Ita kwa sauti, wengine wetu masikio yamechoka.

Noémie, wa Kinkondja, mama wa Béni, dada ya Éphraïm Kapenda.
Agar, wa kambi ya reli, mama wa Hector Mwepu aliye hai.
Élisa, wa nyuma ya kanisa la Methodiste, mama wa wavulana wanne.
Shekina, wa Base, mke wa askari.
Talitha, wa sokoni, mama wa mmoja mliyemchukua mwezi wa tisa, akiwa na kuku.